Shajara ya mradi: Mafundi wa Nyororo na Mafia, 1914–1917

4 Januari

Nimefungua daftari jipya leo. Kazi yangu ni ufundi wa ndege ndogo, zile zinazovuka kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni kwa nusu saa hivi. Ndege ikikaribia Mafia, ukitazama magharibi unaiona delta ya Rufiji: mikoko imetanda kama mkeka, na vijito vinapinda humo ndani mpaka jicho linapotea. Kila mtu wa pwani hii amesikia habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia kwenye vijito hivyo na kujificha. Msimulizi hutaja mizinga, humtaja nahodha Max Looff, hutaja ndege zilizokuja kuitafuta. Sijapata kumsikia msimulizi anayesema ndege hizo zilitunzwa wapi, na nani, kwa vifaa gani.

Mimi nalala nikiwaza mambo hayo. Nimesaini fomu za matengenezo kwa miaka mingi, na najua saa moja hewani inadai saa ngapi ardhini. Kwa hiyo nimeamua kuandika historia ya kile kikosi kidogo cha Huduma ya Anga ya Jeshi la Majini la Uingereza, RNAS, kilichopiga kambi katika kisiwa cha Nyororo na baadaye Mafia. Nitaitazama kutoka upande wa hanga, yaani banda la kutunzia ndege. Mwishoni nataka nipate mabango sita ya kutundika shuleni Kilindoni, kijitabu chembamba, na kielelezo cha ndege moja kwa kipimo cha moja kwa kumi.

Kikwazo cha kwanza nimekivuka leo leo. Nilikuwa natafuta "Nyororo" katika maandishi ya wakati ule na sipati kitu. Waingereza waliandika "Niororo". Nilipobadilisha herufi moja, kisiwa kikajitokeza kila mahali.

11 Januari

Nimeanza na fundi wa kwanza wa hadithi hii, ingawa vitabu vinamwita rubani: H. Dennis Cutler, raia wa kawaida aliyekuwa Durban na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Waingereza walimkodi yeye na ndege yake, wakampakia kwenye meli ya Kinfauns Castle, wakamleta Nyororo. Aliruka mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 1914, akapotea, akatua kwenye kisiwa cha Okuza huko kusini. Tarehe 22 akaiona Königsberg.

Hayo ni ya angani. Sasa ya chini. Hapakuwa na kikosi chochote cha mafundi. Palikuwa na Cutler, mabaharia waliozoea mbao na kamba, na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza uafisa wa majini, aitwaye Gallehawk, aliyejifunza kazi pale pale. Rejeta ilipoharibika hawakuwa na nyingine. Meli ya kivita Fox ilikwenda Mombasa kutafuta, na kilichopatikana kilitoka kwenye gari aina ya Ford. Wakaifunga rejeta ya gari kwenye ndege, na ndege ikaruka.

Nimeisoma habari hiyo mara tatu. Rejeta ya gari ina uzito wake, ina midomo ya mpira isiyolingana na mabomba ya Curtiss, na imeumbwa ipigwe na upepo wa barabarani. Aliyeifunga alilazimika kutengeneza mabano mapya, kuziba viungo, na kuamini kwamba mtikisiko hautaichana. Leo kazi kama hiyo ingehitaji kurasa na kurasa za idhini. Wao walikuwa na mchanga wa Nyororo na kisanduku cha spana.

Kiunzi cha mashua ya ndege nacho kiliharibika kwa kutua kwenye maji yenye mawimbi, meli ikarudi Durban kuchukua kingine. Tarehe 10 Desemba injini ilimzimikia Cutler juu ya delta, akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Gallehawk aliingia mtoni kwa boti chini ya risasi, akaifunga kamba ndege ile na kuivuta nje mpaka baharini. Rubani amechukuliwa, ndege imerudi. Nimemwekea Gallehawk nusu ya bango la kwanza.

27 Januari

Wiki mbili bila kuandika. Kazini tulikuwa na ukaguzi mkubwa.

Nimepata muda wa kuchora ratiba ya vifaa vilivyoletwa. Februari 1915, Kinfauns Castle ilirudi Nyororo ikitokea Bombay na ndege mbili za Sopwith zenye maboya ya kuelea majini badala ya magurudumu, pamoja na kikosi cha kweli cha RNAS chini ya luteni John Tulloch Cull. Hapa ndipo kitengo kinapozaliwa: marubani wachache, mafundi wa injini, mafundi wa mbao na turubai, hema la hanga, mapipa ya petroli, na makasha ya vipuri yaliyofungwa kwa ajili ya nchi ya baridi.

Aprili zikaja ndege tatu za Short ambazo mabawa yake hukunjwa kwenda nyuma, ili ziingie kwenye sitaha ya meli. Katikati ya Juni zikaja ndege nne za nchi kavu, Henri Farman mbili na Caudron mbili. Katika miezi minne walibadilisha aina ya ndege mara tatu. Kila aina ina injini yake, kila injini ina tabia zake na vipuri vyake. Fundi anayesoma haya anaelewa maana yake.

3 Februari

Sopwith ndizo zilizonisimamisha. Hazikufaa kabisa. Zilishindwa kuinuka na mtazamaji na mabomu, na mara nyingine zilishindwa kuinuka hata bila hivyo. Joto lililegeza gundi, mbao zikajikunja, mpira ukalainika. Sentensi hiyo iko katika kila kitabu cha vita hivi na kila kitabu kinaipita haraka. Nataka nijue inavyokuwa mkononi.

Nimempata fundi wa udi na ganuni, ala za nyuzi za taarabu, Unguja, mmoja wa wachache waliobaki, ambaye bado anaunga mbao kwa gundi ya ngozi. Ndege za miaka ile ziliungwa kwa gundi za jamii hiyo hiyo, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Nikamweleza ninachotafuta.

"Mwanangu," akaniambia, "udi ukiusahau ndani ya gari lililofungwa vioo mchana wa kaskazi, ukirudi unakuta shingo imeinama. Sasa we niambie, huyo ndege alilala wapi?"

Alilala ndani ya hema, ufukweni.

Amenipa mfuko wa gundi ya punje na kunifundisha kuiloweka usiku kucha na kuipasha moto bila kuichemsha. Nimeunga vipande kumi na viwili vya mbao nyembamba. Sita nimeviacha Dar es Salaam ndani ya nyumba. Sita nimevipeleka Kilindoni, chini ya turubai jeusi, hatua chache kutoka maji yanapofika.

22 Februari

Matokeo. Vya nyumbani vyote vizima. Vya ufukweni, viwili vimefunguka vyenyewe, viwili vinacheza ukivishika, viwili vimeshika. Kilichonishangaza ni kwamba havikufunguka mchana. Niliomba jamaa avitazame asubuhi na jioni, vilifunguka alfajiri. Mchana joto linailainisha gundi, usiku unyevu wa bahari unaingia, mbao inavimba upande mmoja, na kiungo kilichochoka kinaachia. Fundi wa RNAS aliyeikagua ndege jioni akaiona nzima, akaamka na kukuta ubavu wa bawa umetengana. Sijasoma mahali popote kwamba ilitokea hivyo kwao, na sitaandika hivyo kwenye bango. Nitatundika vipande vyangu kumi na viwili ukutani, kila mtu avishike.

Kuhusu injini. Sopwith zile zilikuwa na Gnome, injini ambayo silinda zake zote huzunguka pamoja na propela huku shafti imesimama. Hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki kirahisi na petroli. Injini huyatema wakati wote. Kwa hiyo baada ya kila safari fundi alipaswa kufuta mafuta kwenye turubai, kwenye waya, kwenye maboya, na juu ya mafuta kulikuwa na chumvi na mchanga. Hiyo ndiyo kazi iliyokula siku.

Na hewa ya joto ni nyepesi. Injini inavuta pumzi ndogo, bawa linashika kidogo, propela inang'ata kidogo. Hasara tatu ndogo zikikutana kwenye ndege yenye injini ya nguvu za farasi mia, hakuna kinachobaki cha kumbebea mtazamaji.

1 Machi

Nimekwenda kumsalimu mzee mmoja wa Jimbo, kaskazini mwa Mafia, nahodha wa jahazi kabla magoti hayajamkataa. Nilitaka kuuliza juu ya bahari ya Nyororo. Baada ya shikamoo na marahaba, na kahawa, akaniuliza walifika huko mwezi gani. Nikamjibu, Februari.

"Kaskazi inamalizikia," akasema. "Asubuhi hapo maji yamelala kama mafuta. Mvuvi anafurahi."

Mvuvi anafurahi, lakini boya la ndege halipendi maji yaliyolala. Maji tulivu hulinyonya boya, na ndege inakimbia, inakimbia, haikatiki. Inahitaji viwimbi vidogo vya kupitisha hewa chini ya boya. Viwimbi vikizidi, maboya ya mbao nyembamba yanapasuka. Nilimweleza mzee hivyo akakubali kwa kichwa, akasema ngalawa nazo zina siku zake, tena siku hizo hazilingani na za jahazi.

Kwa hiyo kuna dirisha dogo kila siku, kati ya utulivu wa alfajiri na upepo wa mchana, na joto nalo linapanda. Mafundi walilazimika kuwa na ndege tayari, mafuta yamejazwa, injini imepashwa, kabla dirisha hilo halijafunguka. Nimeandika kwenye karatasi ya bango la pili: "Kazi ilianza usiku."

19 Machi

Marekebisho. Katika rasimu ya bango la tatu niliandika kwamba Sopwith ndizo zilizopiga picha za Königsberg mwezi Aprili 1915. Si kweli, ni Short. Nilichanganya kwa sababu aina zote mbili zilikuwa na maboya na zote zilitokea Bombay. Nimeifuta. Nimeandika hapa ili nisirudie.

Short zilikuwa afadhali, si nzuri. Zilipanda polepole, na juu ya delta zilikuwa chini ya futi 1,000, mahali ambapo bunduki ya askari aliyelala kwenye mikoko inafika. Zilirudi na matundu. Tundu la turubai ni kazi ndogo: kiraka, sindano, rangi ya kukaza. Tundu la bomba la mafuta au la boya ni kazi nyingine. Na mvua za masika zilikuwa zimeanza.

8 Aprili

Masika imeanza na kwetu pia. Kielelezo kimeanza kuchukua umbo. Nimechagua Short, kwa sababu ya mabawa yake yanayokunjwa. Watoto watapenda kuyakunja na kuyakunjua, na wakifanya hivyo watauona mradi wote: ndege inayoishi ndani ya meli. Maboya nimempa fundi wa ngalawa wa Kilindoni ayachonge kwa mti wa mwembe. Alipoona mchoro aliuliza kwa nini boya halina mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Swali zuri. Boya la wakati ule lilikuwa kama sanduku, chini tambarare. Akatikisa kichwa, akasema atalichonga kama lilivyochorwa, lakini yeye asingelipeleka mtu baharini.

Mataruma, yaani mbavu za ndani, nayo ameyaweka, ingawa hayataonekana. Nilimwambia hayana haja. "Yakikosekana mimi nitajua," akanijibu.

30 Aprili

Bango la nne: Uwanja wa Mafia.

Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani Januari 1915. Nyororo ni kisiwa kidogo. Kinafaa kwa maboya lakini hakina mahali pa magurudumu. Ilipoamuliwa kuleta ndege za nchi kavu, ilibidi uwanja ufyekwe Mafia. Kutoka hapo hadi Königsberg ni maili 30 hivi, sehemu kubwa ya njia ikiwa juu ya maji, kwa ndege isiyo na boya.

Hapa ndipo watu wetu wanapoingia kwenye kitengo hiki. Uwanja haukufyekwa na marubani. Vibarua wa kisiwani walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza mashimo. Anayejua ardhi ya Mafia anajua kisiki cha mnazi: mizizi yake ni nyuzi elfu zilizoshikana, ukikata juu umefanya robo ya kazi. Na ardhi iwe ngumu kiasi gani? Gurudumu la Caudron ni jembamba kama la baiskeli. Shimo la panya buku linatosha kuvunja mguu wa ndege. Wakati wa kuitayarisha ulikuwa mwisho wa masika, udongo umelowa.

Majina ya marubani nimeyapata yote. Majina ya waliofyeka sina hata moja. Nimeamua bango la nne liwe na nafasi tupu ya kuandikia, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Atakayekuwa na jina la babu yake, aandike.

14 Mei

Nimekwenda Mombasa kwa shughuli nyingine nikapitia Ngome ya Yesu. Pale uwanjani umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Baada ya manowari kuzama, Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi ya milimita 105 mtoni, ikapelekwa karakana ya reli Dar es Salaam kuundiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu miaka iliyofuata. Wao nao walikuwa na mafundi. Niliweka kiganja kwenye chuma hicho, kilikuwa cha moto. Kisha nikateremka mjini huku natazama magari yaliyoegeshwa, nikiwaza ile Ford ilisimama mtaa gani ikisubiri rejeta mpya.

2 Juni

Leo ndiyo siku bora ya mradi mzima hadi sasa, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zilifika Mafia tarehe 3 Juni 1915 baada ya kuvutwa kutoka Malta. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, chini tambarare, zinaelea kwenye maji haba, na zina mizinga ya inchi sita. Kazi ilikuwa ziingie mtoni kwa mlango wa Kikunja na kuipiga Königsberg bila kuiona, juu ya vilele vya mikoko. Ndege ikae juu, iangalie kombora limeangukia wapi, ipeleke ishara kwa redio. Redio hiyo ilituma tu, haikupokea. Rubani hakujua kama anasikika mpaka aone mzinga umebadilisha mwelekeo. Nayo ilikuwa kifaa cha kitengo cha chini: kuifunga, kuikinga na mafuta na chumvi, kuijaribu kila asubuhi.

Shambulio la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai, na halikufaulu. La pili, tarehe 11 Julai, lilifaulu. Nikarudi kwa mzee wa Jimbo na tarehe hizo mbili. Hajali tarehe za Kizungu, aliuliza mwezi. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu: mwezi ulizaliwa tarehe 12 Julai mwaka ule, na siku moja au mbili baadaye ikaingia Ramadhani ya 1333.

"Basi la pili lilikuwa mwisho wa Shaabani," akasema. "Hilo bamvua. Na la kwanza, siku tano nyuma? Maji mafu hayo."

Akachora kwa kidole juu ya mkeka. Katika maji mafu bahari haijai sana wala haipwi sana. Mtoni kina ni kidogo hata maji yakijaa. Katika bamvua maji yanapanda mpaka kwenye mizizi ya juu ya mikoko. Tarehe 11 Severn na Mersey ziliingia karibu na adhuhuri, maji yakijaa. Sisemi kwamba maji ndiyo yaliyoamua. Sababu inayojulikana ni nyingine: tarehe 6 meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji hewani hakuweza kujua kombora lipi ni la nani, hivyo marekebisho yake yakaenda ovyo, tarehe 11 zikapiga moja moja. Tena Wajerumani walikuwa na mtu juu ya mti aliyetazama na kurekebisha mizinga yao. Lakini hesabu ya mzee imenipa kitu ambacho sikuwa nacho: hali ya bahari waliyoitazama mafundi asubuhi ile, na kwamba Mafia watu walikuwa wanajiandaa kwa mfungo.

Nimemwomba ruhusa ya kuuweka mchoro wake kwenye bango la tano. Akasema niweke, lakini nisiandike jina lake.

9 Juni

Bango la tano, sehemu ya pili: siku tano kati ya mashambulio.

Vitabu vinaruka kutoka tarehe 6 hadi tarehe 11. Kwa fundi, hizo siku tano ndizo hadithi yenyewe. Tarehe 6 ndege ziliruka alfajiri, moja ikitupa mabomu kuwavuruga Wajerumani wakati meli zinaingia, nyingine ikitazama. Kisha zikaendelea kupokezana kutwa, kwenda na kurudi Mafia kujaza mafuta. Katika zile nne za nchi kavu, zingine zilikwisha haribika kabla hata ya siku hiyo. Kwa hiyo kundi dogo la watu lilipokea ndege chache zilizochoka, injini zimepikwa kwa saa nyingi, waya zimelegea, na likaambiwa ziwe tayari tena kabla ya wiki kwisha.

Farman walau zilikuwa na fremu ya chuma. Hapo suala la gundi linakwisha, linaanza suala la kutu.

Tarehe 11 Cull alirusha Farman, mtazamaji wake Arnold. Arnold alituma marekebisho mpaka makombora ya Severn yakaanza kupiga. Ndege ikapigwa na vipande vya kombora, injini ikaanza kufa. Walituma ishara kwamba wamepigwa na kuomba boti, na wakati ndege inashuka Arnold akaendelea kutuma marekebisho. Walianguka mtoni karibu na Mersey. Cull alinaswa kwenye mabaki, mkanda haujafunguliwa, akajinasua chini ya maji. Wote wawili walitolewa hai. Königsberg ikawaka, na Looff akaamuru ilipuliwe palepale.

Nataka msomaji aone jambo moja hapa. Injini iliyopigwa haikuzima mara moja. Iliendelea kuzunguka muda wa kutosha kwa marekebisho ya mwisho kutumwa, na redio iliendelea kufanya kazi mpaka maji yalipoifikia. Mtu fulani, usiku wa kuamkia siku ile, alikaza kila kiungo cha redio hiyo.

25 Juni

Bango la sita nimelifupisha, kwa sababu kitengo kinatawanyika na uzi unakuwa mrefu. Baadaye mwaka 1915 kundi la Cull lilihamia bara, Maktau, kwenye reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Huko adui hakuwa chumvi tena, alikuwa vumbi jekundu. Mwanzoni mwa 1916 kikafika kikosi cha 26 cha jeshi la anga la nchi kavu, chenye watu wa Afrika Kusini, kikaweka kambi Mbuyuni na ndege za B.E.2c. Ndege za maboya zilibaki pwani. Chukwani, Unguja, palikuwa kituo chao.

Na Rufiji ilidai tena. Tarehe 6 Januari 1917, Edwin Rowland Moon wa Southampton na kamanda Richard Bridgeman waliruka juu ya delta, injini ikazima. Waliichoma ndege isiangukie mikononi mwa adui, wakahangaika siku kadhaa kwenye mikoko, wakaunda chelezo, mkondo ukawatoa baharini. Bridgeman alifariki, kaburi lake liko Dar es Salaam. Moon alikamatwa. Nilikwenda makaburini Jumapili. Nimeweka picha ya jiwe kwenye kijitabu, si kwenye bango.

Tarehe 1 Aprili 1918 RNAS iliunganishwa na jeshi la anga la nchi kavu kuwa RAF, Jeshi la Anga la Kifalme, na jina la huduma hiyo likaisha.

13 Julai

Mabango yametundikwa juzi, tarehe 11. Kielelezo kiko juu ya meza, mabawa yamekwisha kukunjwa mara nyingi mno. Bawaba moja imelegea na nimeikaza. Vipande vya mbao vimeguswa mpaka kimoja kati ya vile viwili vilivyoshika nacho kimeachia.

Kwenye nafasi tupu ya bango la nne kuna majina mawili tayari. Moja limeandikwa kwa kalamu yangu. La pili limeandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa mtu mzima. Mwalimu amenisomea. Kesho nitakwenda kumtafuta aliyeandika, nimuulize babu yake alisimulia nini, na kama anajua visiki vilitupwa upande gani.

Yaliyobaki: kupima ufukwe wa Nyororo maji yakiwa yamekupwa, nikipata mashua kaskazi ijayo, kuomba tena nakala za picha za hanga kwa taasisi moja ambayo haijanijibu tangu Machi, na kumlipa fundi wa ngalawa nusu iliyobaki.